Fundi Aliyeketi Chini Ili Mmosi Abadili Magurudumu

Saa mbili asubuhi jua la Ouagadougou limeshaanza ukali wake, na Odile Paré anabonyeza tairi kwa kidole gumba kama anayechagua papai sokoni. Analikunja, analivuta, kisha analirusha juu ya rundo.

"Limekufa pembeni," anamwambia mwenyewe, mzee mwenye baiskeli ya mizigo. "Ukiweka tyubu mpya humo ndani, unaizika ikiwa hai."

Mwandishi wa habari hii ni Mmosi na Odile ni Msamo. Makabila haya mawili ni watani tangu enzi, kwa hiyo msomaji akikuta sifa za mama huyu zimepunjwa, ajue sababu.

"Mtumwa wangu umekuja?" alinipokea. "Hiyo kalamu umeiba wapi?"

Nilimjibu kwamba nimefuata harufu ya kichwa cha mbwa kwenye sufuria yake, maana Wasamo tunawatania kuwa ni wala mbwa. Wateja wakacheka, nikapewa kigoda.

Odile ana miaka arobaini na mitatu. Kazi alifundishwa na baba yake mkubwa huko Toma, na banda lake la mabati hapa mtaa wa Gounghin lina miaka kumi na tisa. Kuziba pancha ni faranga 200, kusuka gurudumu zima 3,500. Siku njema huondoka na faranga 6,000. Kwa hizo amesomesha mabinti wawili, mmoja sasa anasomea uuguzi.

Lakini jina lake limekuzwa na waendesha baiskeli za mashindano. Wanakuja kwake kuchagua rimu, tairi na tyubu, na wengi huondoka wamekasirika.

"Wao wanaanza na rangi," anasema. "Mimi naanza na makalio. Una kilo ngapi? Halafu unapita barabara gani? Tairi ni mwisho. Mtu ana kilo themanini, anaenda kwenye changarawe, anataka tairi jembamba kama utambi kwa sababu kaliona kwenye televisheni."

Shida yake ni moja: wateja wake wengi ni Wamosi, na Mmosi hachukulii kwa uzito neno la Msamo.

Miaka miwili iliyopita alimwambia Idrissa Zoungrana, mwendesha baiskeli aliyekuwa akitajwa sana mjini, kwamba kwa tyubu alizochagua atarudi na baiskeli kichwani. Idrissa alicheka mpaka akajishika mbavu. Odile naye akacheka. Tyubu ya mbele ilipasuka kwenye mteremko, na Idrissa akavunjika bega na nyonga. Hajapanda baiskeli tena.

"Nilimwambia," Odile anasema, na hapo hatanii. "Ila nilimwambia kwa mdomo wa utani. Kwa hiyo sikumwambia."

Ndiyo maana mwezi uliopita alifanya jambo ambalo Gounghin nzima bado inalizungumza.

Tégawendé Ouiminga, Mmosi mpaka rangi nyumba wa miaka ishirini na sita, alifika akiwa na magurudumu ya kaboni yenye rimu ndefu za kukata upepo, aliyotumiwa na binamu yake kutoka Abidjan. Jumapili kulikuwa na mbio za kwenda mji wa Yako, na sita wa kwanza wangeingia timu ya taifa.

Odile alipima. Rimu zile zilikuwa pana mno. Zilihitaji tairi la milimita ishirini na nane, na baiskeli ya Tégawendé haikuwa na nafasi yake, lingesugua breki. Kijana akawa amevalisha la ishirini na tatu. Lilikuwa limetanuka hadi mwisho, halikuweza kuikinga tyubu. Na njiani, karibu na Boussé, lami ilikuwa imechimbuliwa.

"Rudisha rimu zako za zamani," Odile alimwambia. "Tairi la ishirini na tano, upepo nipunguze kidogo."

"Mla mbwa unanionea wivu!"

"Sikutanii."

"Hivyo ndivyo mnavyosema mkitania. Niachie, mama, mimi nakwenda."

Basi Odile akafuta mikono kwenye gauni, akavua kitambaa cha kichwa na kuketi chini mavumbini, mbele ya gurudumu.

Kwetu mtani akiacha mzaha na kuketi chini mbele yako, humkatalii. Wanandoa hupatanishwa hivyo, na ugomvi wa mashamba humalizwa hivyo. Hakuna aliyewahi kusikia imefanywa kwa ajili ya tyubu. Watu wakamgeukia Tégawendé. Kisha akafungua magurudumu ya kaboni mwenyewe.

Pale Boussé wanne walipata pancha, na mmoja akapelekwa hospitali akiwa amevunjika taya. Tégawendé alipita salama. Lakini kilomita ishirini za mwisho zilikuwa lami safi na upepo wa mgongoni, na wenye rimu ndefu wakamwacha taratibu. Alimaliza wa saba. Wa sita alimshinda kwa chini ya mita moja.

Nilimkuta kwenye nyumba anayoipaka rangi, akila wali kwa kunde.

"Kwa yale magurudumu ningeshika wa nne," alisema. Akatafuna. "Au ningekuwa mimi niliyevunjika taya. Sijui. Na sitajua kamwe, ndicho kinachoniuma."

Nilimuuliza atamwambia nini Odile. Alifunika wali akarudi kwenye brashi yake. Siku hizi pancha zake huzibwa kwa fundi mwingine.

Bandani, Odile anasuka gurudumu jepesi, rimu fupi, spoki thelathini na mbili. Anaimba kwa sauti ya chini, anakaza moja, anazungusha, analegeza nyingine. Uteuzi mwingine ni Machi, na gurudumu hili linaingia kwenye baiskeli ya Tégawendé kwa kipimo. Hakuna aliyeliagiza.

"Akija atalipa bei kamili," anasema. "Sigawi sadaka kwa Wamosi."

Namuuliza kama angeketi chini tena, akijua nafasi ya kijana kwenye timu itapotea.

"Ningeketi."

Na anatumaini nini? Anaweka ufunguo wa spoki juu ya paja.

"Juzi alipita ng'ambo ya barabara. Akanisalimu. 'Shikamoo, mama.' Kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwamkia mke wa mchungaji. Mmosi, ananiamkia mimi!" Anatikisa kichwa. "Iliniuma. Sitaki aniombe radhi, na ahsante yake akae nayo. Nataka aje hapa, asimame hapo ulipo, anitukane."