Siku Upepo Uliponiumbua

Shangazi yangu aliwatangazia majirani wote wa mtaa wetu wa Hai Malakal kwamba mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Sikumwambia hivyo! Nilimwambia tu kwamba Jumamosi naenda darasa la Kiingereza kanisani. Yeye akaona mtu aliyekulia Kenya ataenda huko kufanya nini kama si kufundisha? Ningemsahihisha palepale, ningekuwa mtu wa maana. Nikanyamaza. Utamu wenyewe jamani! Kila Jumamosi ananipigia shati pasi, na majirani wananiita ustaz, yaani mwalimu.

Kumbe huko kanisani nilikuwa mwanafunzi wa benchi la nyuma. Kiingereza changu, aki, kilikuwa cha kuombea maji.

Tulisomea kwenye rakuba, kibanda cha mikeka kisicho na kuta. Mwalimu wetu alikuwa mama Mganda mwenye duka la nguo mtaa wa Malakia. Siku hiyo aliandika ubaoni neno moja, gust, akatueleza: upepo wa ghafla, wenye nguvu, unaokuja na kupita. Akaniita mbele nitunge sentensi. Ndiyo kwanza nimeshika chaki, namwona shangazi anaingia langoni na bakuli la chakula kichwani. Amemletea mwalimu wake, yaani mimi, chakula cha mchana.

Miezi mitatu alikuwa amejigamba mtaani kwa ajili yangu. Akijua, atawatazamaje watu?

"Mama, tafadhali, kaa chini kidogo," nilimnong'oneza mwalimu.

Alimtazama shangazi, akatazama shati langu lililonyooka, akaelewa. Akaenda kukaa pale kwenye benchi langu, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi iko na swali. Gust ni nini?"

Mama yule hana huruma kabisa! Basi nikafundisha. Nilijaza mashavu, nikapuliza, nikapunga mikono huku na huku, wenzangu wakijiuma midomo wasicheke. Shangazi alisimama pale anachekelea kwa fahari, nami nikazidisha mbwembwe.

Ndipo upepo wenyewe ukaja. Vumbi likatimka, mikeka ikainuka, na daftari langu likaruka kutoka kwenye benchi hadi miguuni pa shangazi, likafunguka. Akaliokota. Kiingereza hajui, lakini jina langu anaweza kulisoma, na nne juu ya kumi kwa wino mwekundu haihitaji mkalimani.

Shangazi alimwendea yule mama Mganda mwenye kalamu nyekundu mkononi, akamwekea bakuli mapajani.

"Chakula ya mwalimu," alisema.

Tulirudi nyumbani, mimi nyuma yake na njaa yangu. Niliona aibu, niliona aibu kweli. Kwenye lango letu jirani alikuwa akifua nguo.

"Ustaz amefundisha nini leo?"

Nilifumba macho.

"Upepo," shangazi akajibu, bila hata kutabasamu. "Amefundisha mpaka umekuja."

Tulipoingia ndani alinifinya mkono hadi nikalia "yallah!" Kisha akanikabidhi pasi.