Kiti cha Nyuma, Pwani ya Italia

Miaka sita nilimjua mume wangu kwa kisogo. Msinicheke. Tulifanya kazi nyumba moja huko Al Rayyan, kando ya Doha, yeye dereva, mimi yaya wa mapacha. Yeye alilala chumba cha getini, mimi ghorofani na watoto. Na kwenye gari sheria ilikuwa moja: mwanamke hakai mbele na dereva, hata kama dereva ni mumewe wa ndoa. Basi nilikaa nyuma na mapacha, nikitazama kisogo kinachonyolewa kila Ijumaa. Pembeni yangu mama wa tajiri wetu, ambaye sote tulimwita Mama, alimgombeza mume wangu kila tukitoka: "Kioo chako kimepinda! Utayaonaje magari?" Mume wangu alikigusa kidogo kile kioo cha juu cha kutazamia nyuma, kikabaki vilevile.

Kiangazi kimoja, mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati Doha hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, familia ikaenda pwani ya Italia, karibu na Amalfi, na sisi tukachukuliwa. Mume wangu alipelekwa kwa sababu Mama hamwamini dereva mgeni kwenye kona. Safari ilipokaribia kwisha, Mama akatupa siku nzima, na gari juu. "Nendeni mkatembee, bibi na bwana."

Jamani! Niliingia bafuni, nikafungulia maji, nikapiga vigelegele. Maana nilikuwa na swali moyoni ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwa mtu huyu mimi bado ni mke, au ni mfanyakazi mwenzake tu? Nikajiambia siku hiyo ndiyo nitajua.

Asubuhi nikavaa gauni la maua na mtandio mpya, nikajipaka mafuta ya udi mpaka mwenyewe nikapiga chafya. Nikapanda gari, nikafunga mkanda, tukaondoka. Tukapita Praiano, bahari chini kabisa, malimau makubwa kama maembe dodo yananing'inia ukutani. Mimi nachekacheka, yeye anapiga honi kwenye kila kona. Tukafika Atrani, kijiji kidogo kimejibanza kati ya miamba.

Mhudumu wa mgahawa akaja mbio, akanifungulia mlango, akainama. Akaniweka meza ya mbele inayotazama maji. Mume wangu akaonyeshwa benchi karibu na jiko, walikokaa madereva wengine. Naye akaenda! Nikageuka kulitazama gari. Yarabi! Hakuna mtoto, hakuna Mama, na nilikuwa nimekuja nimekaa nyuma, peke yangu, kama mke wa waziri.

Nikacheka mpaka machozi. Halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Nikamwita mhudumu, nikamwonyesha pete yangu, nikamwonyesha na yule wa benchini. Masikini, alijishika kichwa kwa aibu, akamleta mume wangu mezani pamoja na barafu ya limau ya watu wawili. Tukaila.

Tuliporudi kwenye gari nikamlipukia. "Baba watoto, kweli? Nimepanda nyuma na wewe umenyamaza? Mimi abiria wako?"

"Nilidhani umependa kukaa huko."

"Nimependa! Miaka sita hujanigeukia hata mara moja! Nakijua kisogo chako kuliko sura yako!"

Akafungua mlango wa mbele, nikaingia kwa kishindo. Akakaa, akashika kioo cha juu, nacho kimepinda kama kile cha Doha, akaanza kukigeuza.

"Acha," nikamwambia. Nikainama upande wake nitazame anachokiona yeye. Humo hamkuwa na barabara. Kulikuwa na kiti cha nyuma, katikati, pale ninapokaa siku zote.

"Na magari je?" nikamuuliza.

"Magari nayaona kwa vioo vya pembeni." Akawa anakwepa macho yangu, mtu mzima na ndevu zake. "Siku ile jino linakuuma, ulikuwa unawaimbia mapacha huku umeshika shavu. Siku uliyopigiwa simu kutoka kwetu kwamba mtoto wetu kafaulu, ulitabasamu peke yako mpaka tukafika mtaa wa Al Thumama. Mama watoto, ningegeuka, tungegonga."

Nilimpenda upya palepale, na barafu ya limau imemganda kwenye sharubu. Tukapita vijiji vingine viwili, nimekaa mbele. Majina yake sikumbuki, nilikuwa namtazama yeye.

Wiki iliyofuata tulikuwa Doha. Nikapanda nyuma, mapacha wakanilalia, na Mama akaanza palepale: "Kioo kimepinda tena!"

"Kiache, Mama," nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Kiko sawasawa."

Nikauweka mtandio wangu vizuri.