Pama za Kipimo cha Kichwa Changu

Kichwa changu hakijawahi kuwa na kasoro. Nalisema mapema kwa sababu darasa zima la ususi, pale Mji Mkongwe, lilikaa mchana mmoja likikisengenya mbele ya mwenyewe.

Tulikuwa kundi la wanawake tukifundishwa kusuka ukili wa majani ya mkindu na mradi wa biashara ya haki, ile ya fundi kulipwa anachostahili. Wenzangu wengi walitoka mashamba. Mimi nilitoka Mwanakwerekwe, nilikokaanga bagia kwenye moshi hadi macho yakawa hayajui kama nalia au napika. Niliapa kuwa tukipata oda, karai namgaia jirani. Tusipopata, mwalimu alishatuambia wazi, darasa linafungwa na mimi narudi kwenye moshi wangu.

Mnunuzi kutoka Ulaya aliomba sampuli za pama, kofia zile pana za jua, zote saizi moja. Basi kikahitajika kichwa cha kupimia. Tulibishana, tukachekana, na mwisho mwalimu akakishika changu kama anayechagua tikiti sokoni.

"Hichi ndicho," akasema. "Cha wastani."

Nilivimba kwa fahari. Kila pama iliposhonwa ililetwa kichwani kwangu. Ikikaa vizuri, inapita. Ikibana, inafumuliwa. Nikawa nakaa kitini kama biharusi, wenzangu wakihangaika na sindano.

Mnunuzi akaja na dereva wake. Alikuwa mama mrefu, mcheshi, anayezungumza Kiswahili cha kusomea. Akachukua pama ya kwanza, akavaa, akapotea. Tukabaki tunaitazama kofia yenye kidevu. Ya pili ikamfika mdomoni. Ya tatu akamvisha dereva, jitu zima la mtu, ikamkalia puani.

Macho yote yakanigeukia mimi.

"Mwenzetu, kichwa hicho au mtungi?" aliuliza bibi mmoja wa Uroa, tuliyekuwa tukikaa naye mkeka mmoja.

"Bi, si wewe uliyenambia kizuri?"

"Nlikuwa nasifu sura, mwanangu."

Nilipandwa na hasira, wallahi. Nikamtoa dereva nje, nikafunga mlango, nikavua mtandio. Chini ya mtandio kulikuwa na kitambaa cha ndani, na chini ya kitambaa, fundo la nywele utosini. Nikaondoa kila kitu, nikafumua fundo, nikajitwika pama. Ikanishuka hadi kidevuni. Humo gizani nilisikia vicheko tu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekumbuka. Hatujawahi kukaa darasani bila mitandio, kwa hivyo kwetu kichwa kiliishia pale mtandio unapoishia. Pama zote zilishonwa kukalia nguo na nywele.

Jina langu lilisafika, lakini oda ilikuwa inakufa. Mwalimu alijishika kiuno. Mimi nilifunga mtandio wangu huku nikinusa bagia zinazonisubiri, na kusema kweli nilitaka kulia.

Mnunuzi naye alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Aliipindua pama moja juu ya meza, akatia ndani chupa yake ya maji, mkoba, na chane ya ndizi alizonunua njiani. Vyote vikaenea. Akaiinua, akaitikisa, ikatulia.

"Mkipunguza ukingo huu na kutia vishikio," akasema, "hivi ni vikapu vizuri sana. Nitavinunua. Lakini saizi hii hii, tafadhali. Msibadilishe kipimo."

Nilipiga kigelegele mpaka dereva akagonga mlango kuuliza kuna nini. Yule bibi wa Uroa akanikumbatia, akanipapasa utosini, akaniambia nilifunge lile fundo la nywele upesi, nisije nikaharibu kipimo cha watu.

Karai nimeshalitoa. Sasa nakaa kitini nimejitanda barabara, napimwa, na huko Ulaya watu wanatia vitunguu ndani ya kichwa changu.