Jino Lililokatwa Moto

Saa kumi na mbili asubuhi gari la mafundi limeshatoka getini, na mke wa fundi umeme bado analifuata kwa miguu, mkono juu, kelele kama za mtu aliyeibiwa.

"Baba watoto! Leo ndiyo siku ya daktari! Shuka!"

Fundi, aliyekaa nyuma juu ya mabunda ya waya, anampungia. "Nikirudi, mama watoto. Jino lenyewe haliumi!"

"Shemeji, tuachie," anadakia mwenzake. "Hilo jino tuna kazi nalo."

Gari zima linacheka.

Fundi huyo wanamwita Plaizi, jina la koleo la kukatia waya. Ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza akipitisha nyaya kwenye kuta za watu. Mkono mmoja ukishika ngazi na mwingine waya, ngozi ya waya huimenya kwa meno.

"Plaizi ya chuma huanguka, huazimwa isirudi," anasema. "Meno nani atakuazima?"

Kazi hiyo imeshamla magego kumi. Kushoto nyuma ni ufizi mtupu. Kulia yamebaki magego mawili, la juu na mwenzake wa chini. Hapo ndipo chakula chake chote kinaposagwa.

Mwezi uliopita lile la juu lilimkesheza siku nne. Daktari wa meno, mama wa maneno machache, akalitoboa, akatoa mshipa uliooza, akasafisha mizizi na kuziba kwa dawa ya muda. Akamwagiza asukutue kwa maji ya chumvi, apige mswaki taratibu, asilitafunie kitu kigumu, na baada ya wiki tatu arudi avishwe kofia ya jino, gamba gumu la kulifunika lote.

"Baba, nisikilize. Jino hili sasa halina uhai, ni kama chungu kikavu. Bila kofia litapasuka. Likipasuka hadi mzizini, sina la kukusaidia."

Plaizi alisikia "halina uhai", mengine yakapita sikio la pili.

Siku tatu alitii. Ya nne akalijaribu kwa chai ya moto: kimya. Maji baridi: kimya. Hapo ufundi wake ukamponza. Waya uliokatwa moto, yaani umeme, fundi huushika bila woga.

"Nikasema, mama yule kazima swichi kuu. Meno mengine yana roho, yataumia. Hili limeshakufa, lifanye kazi."

Tangu siku hiyo, kila waya akaupeleka kwenye gego lile.

Sasa ni siku ya pili ya safari ile, tangu mkewe alifuate gari. Yuko juu ya ngazi, ghorofa ya pili ya bweni la shule linalojengwa, bado halina madirisha. Anauma waya mnene, anavuta. Ka! Kama kokoto chini ya kiatu.

Hasikii maumivu yoyote. Anatema kiganjani, anaona kipande cheupe, upande mmoja kijivu.

"Plaizi, umetema nini?" mwenzake anauliza kutoka chini.

Anafunga kiganja. Anashuka, anakaa kwenye mfuko wa saruji.

"Kumbe maumivu ndiyo fyuzi," anasema baadaye. "Ukiitoa, nyumba inaungua na wewe umelala."

Waliporudi safari, daktari alilimulika jino, akazima taa. "Nilikwambia nini, baba?"

"Uliniambia."

Ufa ulikuwa umefika mzizini.

Gego liling'olewa Jumatano. La chini limebaki bila mwenzake, limeanza kulegea. Mkewe humpondea chakula kwenye bakuli la peke yake, na watoto wameambiwa wasicheke. Plaizi anapanga kuweka meno ya bandia ufizi ukipona. Daktari hajamwahidi kitu. Bweni limekwisha, wanafunzi wamehamia. Mwenzake aliyekuwa chini ya ngazi amepandishwa cheo kuwa kiongozi wa mafundi. Naye sasa waya anamenya kwa meno.