Gomesi ya Shangazi

Harufu ya dizeli ikichanganyika na vitunguu vinavyokaangwa hunipandisha hasira mpaka leo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya kibanda cha shangazi yangu pale Malaba, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Baba alipofariki nilikuwa na miaka sita. Mama akaenda Jinja kupika katika hoteli, akaniacha kwa shangazi, dada ya baba, mpaka atakapojipanga. Nilikaa miaka minne. Nilichota maji, nikaosha sufuria, na kila siku nikaimbiwa wimbo uleule: mama yako amekusahau, hata jina lako hakumbuki. Niliamini. Mtoto wa miaka saba atamwamini nani mwingine? Nilifika mahali nikamchukia mama yangu kwa moyo wangu wote, na hilo ndilo sijalisamehe.

Nilikuwa darasa la nne siku dereva mmoja aliyekuwa akila ugali na matumbo aliponitazama nikimpangusia meza, akauliza, "Si wewe ndiyo Nafula? Ile nguo ya bluu mama yako alinituma nayo, ilikutosha?" Nguo hiyo niliijua vizuri. Nilikuwa nikiifua kwa mikono yangu kila wiki, maana Doreen, binti wa shangazi, ndiye aliyeivaa kanisani. Dereva akaendelea kutafuna huku akinieleza kwamba mama hupiga simu kila Jumapili, ila huambiwa mimi nimekataa kuongea naye. "Analia sana huyo mama," alisema, kisha akaomba supu. Sikulia. Nilimletea supu, nikarudi jikoni, nikautazama mgongo wa shangazi akigeuza chapati, nikaapa kwamba nitamwaibisha mbele ya watu wote wanaomwamkia.

Nafasi ililetwa na pikapu kuukuu iliyoingia shuleni kwetu Jumatatu moja, imebeba waigizaji watatu na ngoma zao. Walikuwa wakizunguka shule za Busia na mchezo kuhusu familia, na kila shule walikaa wiki nzima. Mavazi hawakubeba. Waliazima nguo za watu wa hapohapo, na maneno pia waliyaazima, ili mchezo ufanane na nyumba zetu. Ulihusu mwanamke katili anayelea mtoto wa mwenzake, na mwanamke huyo aliigizwa na mwanamume mrefu mwenye sauti nyembamba. Alipouliza darasani mama wa aina hiyo huongea vipi huku kwetu, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nilimpa kila kitu. Nilimfundisha jinsi ya kushika kiuno, jinsi ya kufyonya, na yale maneno kuhusu jina lililosahauliwa. Alicheka sana, akayaandika. Alipouliza nani anaweza kuleta gomesi, nikasema mimi.

Gomesi, ile nguo ndefu yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, wanawake wengi wa mpakani wanayo. Lakini ya shangazi ilikuwa moja tu: zambarau, yenye maua ya manjano makubwa kama sahani, imetoka Kampala, na alihakikisha kila mtu Malaba anajua imetoka Kampala. Alhamisi niliitoa sandukuni nikaisokomeza kwenye mkoba wa vitabu. Ijumaa ndiyo siku ambayo wazazi walialikwa. Shangazi aliipindua nyumba akiitafuta, akalaani wezi wote wa Malaba, mwishowe akaja na rinda la kawaida na kuketi mstari wa mbele, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati ya wazazi.

Yule mwanamume alitokea nyuma ya blanketi lililotundikwa kama pazia, amejaza mto makalioni ndani ya gomesi ya zambarau. Akashika kiuno, akafyonya, akasema, "Mama yako amekusahau! Hata jina lako hakumbuki!" Shule nzima ililipuka. "Mama Doreen! Mama Doreen!" Hata walimu walifunika midomo. Mchezo ulipoisha waigizaji waliuliza, kama ilivyokuwa kawaida yao, iwapo kuna mtoto anayemjua mama wa namna hiyo. Nilisimama nikaeleza yote: nguo ya bluu, simu za Jumapili, dereva. Kicheko kikakauka. Shangazi aliinuka aondoke, lakini mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alimshika mkono. "Kaa, Mama Doreen. Namba ya mama ya huyu mtoto uko nayo. Mpigie saa hii, tukisikia." Alipiga mbele ya wote, nami nilimtazama kwa raha ambayo sijaionja tena. Mama alipokea mara moja. Nilipopewa simu nikamwita, akasema polepole, "Nafula? Kwani umekubali kuongea na mimi?"

Kesho yake alikuja kunichukua. Nilipoondoka, watoto walimfuata shangazi barabarani wakishika viuno na kufyonya, wateja wakahamia vibanda vingine, na kabla mwaka haujaisha alifunga kibanda akahamia Marachi. Watu huniambia aliteseka kupita kiasi. Mimi naona aliponea kwa urahisi.

Sasa nimerudi Malaba, nina duka na binti wa miaka minane. Kila jioni huongea na nyanya yake aliye Jinja, wakionana uso kwa uso kwenye simu, wala hakuna mtu katikati wa kuwadanganya. Waigizaji bado huja shuleni, siku hizi na spika kubwa na mavazi yao wenyewe yaliyopigwa pasi. Shangazi amezeeka, naye hutuma watu wamwombee msamaha kwangu. Nawakaribisha chai, kisha nawarudisha Marachi na jibu lilelile la mwaka jana. Wanasema nina roho ngumu. Hawajui kwamba mama akija kututembelea, huingia jikoni kwangu kunipikia, halafu husimama mlangoni na mwiko mkononi, na kuniuliza kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mgeni, kana kwamba ile miaka minne kwa shangazi haijaisha bado, iwapo mimi hula pilipili.