Walijitolea, Wameandika

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikatolewa darasa la tatu nikachunge ng'ombe wa watu. Tangu hapo sijafundishwa na mtu, nimefundishwa na shida. Nasema mapema usije ukadhani kisa hiki nimekitoa kitabuni. Nilichokiona nimekiona kwa macho haya, hapa Katoro, uani kwangu, na binti yangu Kabula alikuwepo. Ukitaka kubisha, bisha.

Kabula alikuwa chuo, anasoma historia. Alikuja likizo na kazi: kuipima makala ya kamusi elezo ya mtandaoni, inayohusu barabara ya mkoloni iliyopita huku kwetu kuelekea kwenye dhahabu. Aangalie vyanzo, aangalie kama inapendelea upande. Yeye na wenzake wakiipasisha, inawekewa alama ya makala bora, na watoto wa shule wataibeba kama ilivyo.

Jua lilikuwa linazama. Mimi napepeta mchele, yeye ananisomea kwenye simu. Akafika penye "wenyeji walijitolea kwa wingi."

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Walijitolea? Kama mtendaji anavyotangaza Jumamosi tunajitolea kuchimba msingi wa zahanati, na asiyefika ananyang'anywa kuku?"

Akacheka. "Mama nawe! Kila sentensi ina chanzo. Naipa alama za juu."

"Babu yangu mzaa mama alipelekwa barabara hiyo. Hakurudi."

"Hilo ni la kusimuliwa, Mama. Halina chanzo."

Niliumia, nikaendelea kupepeta. Mara tukasikia, "Mwangaluka!"

Geti nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Kijana amesimama karibu na ungo wangu, kifua wazi, vumbi jekundu mwili mzima. Nikadhani mchimbaji karuka ukuta. Nikamtania, "Wewe, shimo limekuvuruga? Hiyo ni salamu ya asubuhi!" Hakucheka. Akaomba maji kwa Kisukuma cha zamani, kile cha bibi yangu, ambacho hata sisi wazee tumekisahau.

Nikampa kikombe. Vidole vyake vikanigusa. Niamini, baridi ile si ya maji. Akanywa, koo linapanda na kushuka, na shingoni nikaona alama ya kamba, imekula nyama mpaka ndani. Akanirudishia kikombe, akaigeukia simu ya Kabula.

"Aliyejitolea ni nani? Mimi nimekamatwa nakamua ng'ombe."

Watu hukamua asubuhi. Unaelewa? Kwake bado ilikuwa asubuhi ile.

"Wewe ni wa kwa nani?" nikamwuliza. Hapakuwa na mtu. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa.

Kabula hakulala. Lakini hakuandika habari za mzuka, wala nisingemruhusu. Alivifungua vile vyanzo kimoja kimoja, kisha akaiangusha makala. Mwalimu wake akamwuliza, "Chanzo chako kiko wapi?"

"Ni hivi hivi vya makala, mwalimu. Vyote viliandikwa na mabwana wa barabara. Waliofungwa kamba hakuna aliyewauliza."

Makala ikanyimwa alama.

Mkono wangu wa kulia ni wa baridi mpaka leo. Nikimpa mtu mkono anashtuka. Mchungaji ametaka kuniombea, mganga wa Masumbwe ametaka mbuzi mweusi, wote nimewafukuza. Siumwi. Nimeguswa na mtu aliyedhulumiwa, nione aibu ya nini?

Na wewe unayesoma, usilipitishe neno kwa kuwa limepangwa vizuri. Uliza aliyeliandika alikuwa amesimama upande gani. Usipouliza, jioni moja utasalimiwa, na mimi sitakuwepo kukusaidia kuitikia.

Leo nina nyumba ya wageni hapa Katoro. Nina mashine ya kusaga Masumbwe. Nina ng'ombe na shamba la pamba Didia. Nina binti mwenye shahada. Na maneno yake yapo kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ile. Kuna mtu huyafuta. Kabula huyarudisha.