Mnara Ndio Usogee

Kwenye dirisha la tiketi pale stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, mama mmoja aliyekuwa akikata tiketi ya Singida alikuwa akizungumza na mdogo wake aliyeko huko, simu ikiwa kwenye spika. Wawekezaji wa umeme wa upepo wanataka kusimamisha mnara kilimani, alipozikwa baba yao.

“Dada, watamhamisha vizuri tu. Wameshapima upepo.”

“Wapime tena. Kwani upepo unavuma kaburini kwa baba peke yake?”

“Umeme si tunautaka wote?”

“Nautaka. Ila mnara ndio usogee. Minyaa ya kaburi lile niliipanda mie.”

Akakata simu. Karani akamuuliza anarudi lini.

“Waulize wenye mnara.”

Nami niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nautaka umeme huo. Lakini mnara ulioko kwenye karatasi ni rahisi kuusogeza kuliko mzee aliyezikwa na wanawe.